Sindano Ilipohamia Nyumbani

Wagonjwa wa Thomas Addison, daktari wa Hospitali ya Guy's jijini London aliyeyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1855 maradhi yaitwayo leo kwa jina lake, walimfikia wakiwa wamekonda, wamelegea, wanatapika, na ngozi zao zimeingia weusi usiotokana na jua. Naye, kwa kuwa hakuwa na dawa ya kuwapa, aliwatazama hadi walipofariki, kisha akazikuta tezi zao za adrenali, yaani tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, zimeharibika, mara nyingi kwa kifua kikuu. Weusi huo ulionekana upesi kwa Mwingereza. Kwa mtu aliyezaliwa mweusi hutafutwa kwenye fizi, ulimi na mistari ya viganja, na mganga asiyemfumbua mgonjwa kinywa huupita bila kuuona.

Tezi hizo hutoa kotisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari ya damu, pamoja na aldosteroni, inayouzuia mwili kupoteza chumvi yake kwa njia ya mkojo. Mwili wenye afya, upatapo homa, ajali au upasuaji, huongeza kotisoli wenyewe bila mwenyewe kujua. Mwili ambao tezi zake zimekufa hauna pa kuitoa, hivyo presha huanguka, sukari hushuka, kutapika hakukomi, na katika muda wa saa chache mtu huweza kupoteza fahamu na kufa. Hiyo ndiyo huitwa dharura ya adrenali, na kinachoianzisha mara nyingi ni jambo dogo kama kuharisha au homa ya kawaida.

Katika miaka ya 1930 madaktari walijaribu kuwalisha wagonjwa chumvi nyingi na kuwachoma dawa iliyokamuliwa kutoka katika tezi za wanyama. Kisha ikaja deoksikotikosteroni, homoni iliyotengenezwa maabara mwaka 1937, ambayo vidonge vyake vilipandikizwa chini ya ngozi. Dawa hii ilihifadhi chumvi lakini haikufanya kazi ya kotisoli, kwa hiyo mgonjwa aliyeishi vizuri mwaka mzima aliweza bado kuangushwa na homa moja. Pengo hilo lilizibwa na kotisoni, dawa ya jamii ya kotisoli iliyopata umaarufu mwaka 1948 pale Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walipoitumia kutibu baridi yabisi. Sifa hizo zilikuja na deni lake, kwani mwaka 1952 iliripotiwa habari ya mgonjwa aliyekuwa akitumia kotisoni kwa ajili ya viungo, akafa baada ya upasuaji, na tezi zake zikakutwa zimesinyaa kwa kukaa bila kazi. Tangu hapo hatari haikuwa tena ya wagonjwa wa Addison peke yao.

Mgonjwa maarufu kuliko wote, John F. Kennedy, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aligunduliwa kuwa na maradhi haya jijini London mwaka 1947, na alipopasuliwa mgongo New York mwaka 1954 alikaribia kufa. Mwaka uliofuata madaktari waliandika katika jarida la upasuaji habari zake kama mwanamume wa miaka 37, bila kumtaja jina, na katika kampeni ya urais ya mwaka 1960 wasaidizi wa Kennedy wakakana kwamba alikuwa na maradhi hayo. Siasa ilitaka siri; tiba ya leo inataka kinyume chake kabisa, na ndiyo maana Uingereza ilianzisha mwaka 2020 kadi ya dharura ambayo mgonjwa huibeba popote aendapo, ili hata asiyeweza kusema aeleweke.

Kwa kweli badiliko kubwa la miongo ya karibuni halimo katika dawa, ambayo ni ileile, bali katika mkono unaoishika. Mgonjwa hufundishwa kuongeza vidonge vya haidrokotisoni, yaani kotisoli iliyotengenezwa kuwa dawa, mara mbili au tatu apatapo homa, na akitapika, kwa kuwa vidonge havikai tumboni, hujichoma mwenyewe au huchomwa na ndugu yake miligramu 100 kwenye msuli wa paja kabla ya kwenda hospitalini. Huko nako kanuni ni kutosubiri majibu ya maabara: miligramu 100 nyingine mara moja, lita moja ya maji ya chumvi kwa dripu ndani ya saa ya kwanza, na miligramu 200 zikigawanywa katika saa 24 zinazofuata.

Katika Afrika Mashariki kichupa cha haidrokotisoni si kigeni, maana wauguzi hukitumia kwa mashambulizi ya pumu. Ugumu uko katika kumtambua anayekihitaji kwa sababu nyingine. Kifua kikuu, kilichoonwa na Addison, bado kipo, na rifampisini inayokitibu huharakisha ini kuivunja kotisoli, hivyo mtu ambaye tezi zake zimeliwa nusu huweza kuzidiwa muda mfupi baada ya kuanza kutibiwa, na watu wa nyumbani wakadhani ni kifua kinachomshinda. Kwa yule aliyekwisha kutambuliwa, dozi ya haidrokotisoni huongezwa, mara nyingi maradufu, pale anapoanzishiwa rifampisini.