Jina la Ukoo Latoka Wapi?

Katika orodha ya darasa letu la Kidato cha Nne wamo Jackson, Wilson, Nelson, Stanley na Livingstone. Wote ni Watanzania, na wengi wao ni Wagogo wa hapa Dodoma. Kwetu hayo ni majina ya kwanza, lakini kwa Waingereza ni majina ya ukoo. Nimeona si vibaya niwaeleze wasomaji maana yake, kwani jambo hili limetugusa nyumbani kwetu.

Zamani Wazungu wengi walikuwa na jina moja tu, kama mababu zetu. Watu walipoongezeka na serikali zikataka kodi, makarani walishindwa kumtofautisha John huyu na John yule. Basi wakaandika neno la pili. Wengine waliitwa kwa baba zao: Jackson ni mwana wa Jack, na Wilson ni mwana wa Will. Wengine waliitwa kwa kazi: Smith wa Kiingereza na Schmidt wa Kijerumani wote ni mhunzi, na Müller ni msaga nafaka. Wengine waliitwa kwa mahali: Livingstone ni jina la mji wa Livingston huko Scotland, yaani mji wa mtu aliyeitwa Leving. Wengine tena waliitwa kwa sura, kama Klein, maana yake mdogo.

Hapo mwanzo jina la baba lilibadilika kila kizazi. Baadaye likasimama: mjukuu wa Will akabaki Wilson hata kama baba yake ni Peter. Huko Uholanzi, mwaka 1811, Napoleon aliamuru kila mtu aandikishe jina la ukoo. Lakini watu wa Iceland hata leo wengi wao hufuata desturi ya zamani. Mwana wa Jón huitwa Jónsson, na binti yake Jónsdóttir.

Tena si kila jina lilitoka kwa baba. Stanley aliyepita Ugogo mwaka 1871, akiwalipa watemi wetu hongo, alizaliwa Wales akiitwa John Rowlands. Jina la Stanley alijitwalia mwenyewe huko Marekani.

Sisi shuleni huandikwa majina matatu: la mtu mwenyewe, la baba na la babu. Baba yangu ni Wilson, na babu yangu ni Nzala, maana yake njaa kwa Kigogo, kwa sababu alizaliwa wakati wa njaa. Wagogo hawasahau njaa. Hata ile ya mwaka 1918 hadi 1920 wameipa jina lake, Mtunya.

Mwaka jana kaka yangu alipata mtoto. Katika cheti cha kuzaliwa limeandikwa jina la mtoto, la kaka, na la Wilson. Nzala halimo. Babu aliposomewa cheti kile alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mtu akimkuta njiani atajuaje kuwa ni wa kwangu?" Hakuna aliyemjibu. Jina pekee la Kigogo katika ukoo wetu lilikuwa limeanguka bila mtu kulitupa.

Wenzangu wengine husema kwamba si vizuri mtoto kuitwa Njaa. Mimi huwajibu kwa mfano wa Mwalimu Nyerere. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alipewa jina la viwavi waliovamia nchi wakati wa kuzaliwa kwake. Mwalimu mwenyewe aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku aliyozaliwa mwaka 1922 mvua ilinyesha. Jina la kiwavi limejulikana duniani kote, wala hakuna anayelicheka.

Nilizungumza na baba wakati wa likizo. Tumekubaliana kwamba mimi na wadogo zangu tutasimamisha jina la Nzala, na watoto wetu wataandikwa hivyo. Baba hakuona kwamba amedharauliwa, kwani Nzala ni baba yake.

Ndugu wanafunzi, waulizeni wazee maana ya majina yenu wangali hai. Karani huandika lile analotajiwa tu.