Shahidi aliyebaki katika "Nairobi Half Life"

Filamu ya Nairobi Half Life, iliyoongozwa na Tosh Gitonga, ilitoka mwaka 2012 na ndiyo ya kwanza kupelekwa na Kenya kuwania Oscar. Wengi huisoma kama kisa cha Mwas, kijana wa kijijini anayekwenda jijini kutafuta uigizaji akaangukia katika genge la wezi. Usomaji huo hautufikishi mwisho. Mwishoni, polisi waliokuwa wakila mgawo na genge ndio wanaolikamata ili waliue, pasipo jalada wala hakimu. Mwas anaponea chupuchupu, kisha anakwenda jukwaani kuigiza.

Niliitazama Ngara, sebuleni kwa mjomba. Risasi zilipoanza kulia, watu walishangilia, na sikushangaa. Baada ya Aprili 1994, wakimbizi walipovuka Rusumo kwa maelfu, silaha nazo zilivuka. Kwa miaka mingi mabasi yalipita mapori ya Biharamulo yakisindikizwa na askari. Mtu aliyewahi kulazwa kifudifudi barabarani, akivuliwa hata viatu, hana subira na mwenendo wa mashauri.

"Wangefikishwa mahakamani," alisema mjomba, "kesho ungewakuta stendi."

Hoja hiyo ni nzito kuliko wanaharakati tunavyopenda kukiri. Lakini katika filamu hii wauaji hawaadhibu wizi. Wanafuta ushahidi. Kila mwizi anayekufa anakwenda na habari za mgawo. Ndiyo maana siafiki wanaosema kuwa jukwaa ni ndoto ya Mwas iliyotimia. Yeye ni shahidi pekee aliyebaki, na mlango wa mahakama umefungwa. Pa kusemea ni pale tu, mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Nasi tunayo ya kwetu. Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa na polisi Dar es Salaam. Taarifa ya kwanza iliwaita majambazi. Tume ya Jaji Mussa Kipenka ilibaini kuwa hawakuwa majambazi. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba, inayokataza kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika, ilikuwepo siku zote hizo.

Nilimkumbusha mjomba kisa hicho. Alinyamaza kitambo, kisha akaagiza filamu irudishwe nyuma, hadi pale polisi wanapopokea fedha.