Usiandike Barua kwa Hasira

Ndugu na jamaa, nimeombwa nieleze yaliyonikuta kazini hapa Durban, maana vijana wetu wengi yanawafika.

Nilikuwa mtunza ghala kwa miaka 9. Alipokuja meneja mpya nilinyang'anywa funguo, nikapewa ufagio, na siku zangu za kazi zikapunguzwa kutoka 6 hadi 3. Hakuna aliyetamka kwamba nimefukuzwa. Walingoja niondoke mwenyewe.

Mke wangu alinizuia kuandika barua ya kuacha kazi. "Baba watoto, ukiiandika, watasema ulitaka mwenyewe."

Alisema kweli. Sheria ya kazi ya nchi hii ya mwaka 1995 humhesabu aliyesumbuliwa mpaka akaacha kazi kuwa amefukuzwa, lakini kuthibitisha ni juu yake. Basi nikanunua daftari, nikaandika tarehe, saa na kila neno nililoambiwa. Nikalalamika kwa maandishi, nakala nikabaki nayo. Kisha nikaenda CCMA, tume ya usuluhishi, isiyotoza ada. Aliyeshushwa cheo ana siku 90 za kupeleka shauri. Aliyefukuzwa ana siku 30 tu.

Wala msitishwe kwa habari ya karatasi. Hukumu ya mwaka 2008 ilisema hata mgeni asiye na kibali cha kazi analindwa na sheria hiyo.

Mbele ya msuluhishi nilirudishiwa siku zangu, funguo sikupewa. Nilivumilia miezi 7 nikitafuta pengine, nikaondoka siku niliyoichagua mimi.

Kijana akiwajia na kisa kama hiki, mpeni kwanza chakula, kisha daftari.