Mfereji na Moto

Nilipokuwa mtoto huko Taveta, babu yangu alitaka kuondoa kisiki kilichokaa kando ya mfereji wa shamba lake. Alikikokea moto siku mbili. Upande mkavu uliteketea, lakini upande uliopakana na maji ulibaki mbichi, na mvua zilipokuja ukachipua. Mwaka uliofuata alianza kwa kuuziba mfereji, ndipo akawasha moto. Kisiki kikawa majivu.

Msomaji, jambo hili lilinirudia moyoni mjomba wangu alipopatwa na saratani ya ini. Daktari alitueleza kuwa ini hulishwa kwa njia mbili. Kadiri ya robo tatu ya damu yake huja kwa mshipa mkubwa utokao matumboni. Robo iliyobaki huletwa na ateri. Uvimbe wa saratani hiyo, kama mgeni mlafi, hujilisha zaidi kwa ateri. Basi tabibu hupenyeza mrija mwembamba, aghalabu kutoka kinenani, hadi kwenye tawi la ateri liulishalo uvimbe, akamimina dawa kali pamoja na punje za kuziba njia. Uvimbe hushikwa na njaa. Ini huendelea kula kwa mlango wake mwingine.

Lakini mara nyingi njaa peke yake haiui uvimbe wote. Hapo huja moto. Sindano huchomwa ngozini hadi ndani ya uvimbe, ikiongozwa na picha za mashine, na mawimbi ya redio huupasha. Joto likipita nyuzi 60 za sentigredi, seli hufa upesi. Moto nao una adui wake: damu ipitayo karibu huchukua joto na kuupoza ukingo wa uvimbe, kama mfereji ulivyokipoza kisiki. Damu ikizuiwa kwanza, joto hutulia na kuenea.

Mwaka 2013 matabibu wa Guangzhou, Uchina, walitangaza matokeo ya wagonjwa 189 wenye uvimbe usiozidi sentimita 7. Baada ya miaka minne, miongoni mwa waliotibiwa kwa njia zote mbili, takriban 62 katika kila mia walikuwa hai; miongoni mwa waliotibiwa kwa joto tu, 45.

Mjomba hakuipata tiba hiyo. Huwafaa wenye uvimbe mchache na ini ambalo bado lina nguvu. Uvimbe wake ulikuwa umetapakaa, na ini limechoka. Kwa miezi mingi alikuwa ameficha maumivu, akidhani kulalamika ni aibu kwa mwanamume. Sisi tulioyaona tulinyamaza, tukidhani kunyamaza ni heshima.

Kisiki kilimngoja babu mwaka mzima; uvimbe haumngoji mtu. Kwa hiyo, msomaji kijana, ukimwona mzee wako akishika ubavu na kugeuza uso, usimstahi kwa kimya. Mshike mkono, umpeleke kwa tabibu.