Si Uzee Tu

Wanachama wenzetu mnaotuuliza kila Jumamosi tunatoka wapi na mabuti ya matope, jibu ni hili: tunajitolea kwenye zizi la farasi wazee nje ya mji. Nyumbani wengi wetu tulizoea punda. Farasi tumewajulia hapa Uingereza.

Mkongwe wao ni jike wa miaka 22. Joto lilipoanza, wenzake walipukutisha manyoya ya baridi, yeye akabaki na yake, marefu yenye mawimbi. Mgongo ulikonda, tumbo likaning'inia, na maji akawa anakunywa ndoo kwa ndoo. Waliomwona walisema ni uzee. Daktari wa mifugo akapima damu, akakuta homoni ya ACTH imepanda mno. Ni ugonjwa wa Cushing.

Tulielezwa kwamba farasi akishapita miaka 15 hivi, neva zinazopeleka dopamini kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, huweza kufa kidogo kidogo. Dopamini ndiyo breki. Ikipungua, tezi humwaga homoni bila kipimo. Baadhi yao hupanda insulini pia, na hapo ndipo balaa hushukia kwato. Mfupa wa mwisho wa mguu umeshikizwa kwenye ukuta wa ukwato kwa vijikunjo vyembamba vya tishu. Insulini ikizidi, vijikunjo hulegea, mfupa ukainama au kuzama, na mnyama wa karibu kilo 500 anatembea kama aliyekanyaga makaa. Hiyo ndiyo laminaitisi.

Cushing haiponi, ila hutulizwa. Kila siku jike wetu hupewa kidonge cha pergolidi, dawa iliyowahi kutumiwa na binadamu wenye ugonjwa wa Parkinson. Sisi huloweka majani makavu ili sukari ipungue, humzuia asile nyasi changa, na humpapasa kwato kuona kama zina joto. Daktari amesema wazi: maumivu yakishinda dawa, itabidi auawe kwa sindano. Mpaka sasa anatembea.

Tangu hapo, "ni uzee tu" hatulipokei kirahisi. Tukipiga simu nyumbani tukaambiwa bibi amekonda na kiu haimwishi, hatusemi pole tukaishia hapo. Tunauliza: amepimwa sukari?