Kuvutwa Nyuma, Kwenda Mbele

Telesto ni mwezi wa Zohali wenye upana wa kilometa 25 hivi. Ukiipanga miwili ya aina yake kwenye barabara ya Njombe hadi Makambako, nafasi inabaki. Unapita njia ileile ya Tethys, mwezi wenye zaidi ya kilometa 1,000, ukiwa nyuzi 60 mbele yake. Calypso uko nyuzi 60 nyuma. Yote mitatu humaliza mzunguko kwa saa 45 na kidogo. Lagrange alionyesha mwaka 1772 kwamba nafasi kama hizo zipo; miezi hiyo midogo ikaja kuonekana 1980.

Programu yangu ya kuiigiza ni fupi. Kinachotaka uangalifu ni mpangilio. Ukikokotoa mahali na kasi kwa thamani za zamani tu, njia inapanuka kila mzunguko na mwezi unapotea. Ukitumia kasi mpya kupata mahali papya, unadumu. (Umeme wa Liganga ukidumu pia.)

Ninachokipenda ni hiki: Telesto ukiisogelea Tethys, unavutwa nyuma. Ungedhani utakamatwa. Kumbe mvuto huo unaupunguzia nishati, unashuka karibu kidogo na Zohali, na huko chini mzunguko ni wa haraka zaidi. Unamkimbia anayeuvuta! Ukizidi nyuzi 60, jumla ya mivuto, pamoja na Zohali inavyoyumbishwa na Tethys, inaurudisha. Ukichora mwendo huo huku Tethys imetulia, unapata umbo la kiluwiluwi.

Nilimkuzia baba mchoro kwenye skrini, maana ana mtoto wa jicho. Kaka anataka ahamie kwake Makambako atibiwe. Baba hataki kuliacha shamba. Huu mlima wa chuma tumeambiwa utachimbwa tangu hajaoa, na anaogopa kukosekana siku wakija. Mimi natakiwa kujibu kama nitakwenda kusoma ng'ambo.

"Haka kadogo kanafungwa na nini?" akauliza.

"Hakafungwi, baba. Kanakwenda na kurudi."

Akanyamaza, akakafuata kwa kidole mizunguko kadhaa.

"Huko kwa kaka yako," akasema, "ukate tiketi ya kurudi pia. Na wewe waandikie hao watu wako, usingoje macho yangu."