Istilahi Moja kwa Dhana Moja katika Somo la Takwimu

Anayefundisha takwimu kwa kutumia kompyuta hufundisha lugha mbili kwa pamoja: lugha ya hesabu na lugha ya mashine. Chuoni kwetu tunatumia programu ya R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Tangu toleo la 2.1.0 la mwaka 2005, ujumbe wa programu hiyo waweza kutafsiriwa kwa lugha nyingine, sentensi moja baada ya nyingine. Hapo ndipo penye hatari, kwani wafasiri wawili wasioafikiana huweza kuipa dhana moja majina mawili, au dhana mbili jina moja.

Nimeyaona madhara yake darasani. Katika karatasi za mazoezi zilizotufikia, neno "kosa" lilitumika pale mashine inaposhindwa kutekeleza agizo, na pia katika "kosa sanifu", yaani kipimo cha jinsi makadirio yanavyotofautiana kutoka sampuli hadi sampuli. Mwanachuo mmoja, alipoyasoma maneno "kosa sanifu" katika majibu yake, aliifuta kazi yote akidhani kuwa amekosea. Kazi ile ilikuwa sahihi kabisa. Mwanachuo huyo kesho ni mwalimu, na atafundisha kama alivyoelewa.

Wenye R nao hawakusalimika. Katika maelezo ya programu yao wanakiri kwamba jina moja linalotumika katika majibu ya regresheni, lile la kipimo cha masalio, halifai. Lakini limekwisha kuenea mno, hata kulibadili si jambo rahisi. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, wakufunzi wa Hisabati na wa Kiswahili wakae pamoja na kuandika orodha ya istilahi kabla ya kutafsiri lolote. Pili, kila dhana ipewe neno lake: "hitilafu" mashine inapokwama; "onyo" inapoendelea na kazi huku ikitahadharisha; na "kosa sanifu" kwa kile kipimo peke yake. Tatu, orodha hiyo ipelekwe kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, ili vyuo vyetu visivutane.

Mwanafunzi ana haki ya kujua kama mashine imekwama au inampa jibu.